Nimemkataa Mchumba kwa Simu ya Video, Sasa Kaka Amenuna

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla nyumba yetu haijaingia ufa. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilwa Kivinje, ni kiziwi tangu utotoni, na baada ya wazazi wetu kufariki nimelelewa na kaka yangu Ramadhani, mtu mwema asiyewahi kuninyima chakula wala nguo, ila lugha ya alama hajajifunza, ananionyesha tu kwa kidole. Basi Bakary, muuza ng'onda, samaki wa kukausha, wa Kilwa Masoko, akaleta posa, kaka akaja akanionyesha wageni barazani, nami nikainamisha uso kwa adabu kama inavyotakiwa wageni wakija, naye akarudi akawaambia wazee nimenyamaza, na kwetu mwanamwali akinyamaza ameridhia, wakasoma Fatiha kuifunga posa.

Nilipojua nililia, maana simtaki. Nikamwandikia ujumbe sheikh wetu wa kufungisha ndoa, akasema ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika, yeye ataniuliza mwenyewe, lakini hapa hakuna mkalimani wa lugha ya alama, aliyepo ni Scholastica niliyesoma naye, yeye anasikia na alama anazijua, ila yuko Lindi, na zamani simu ya video kati yetu ilikuwa mateso, mkono unaganda hewani, na kwa sisi tunaosema kwa mikono picha ikiganda ni sawa na kuzibwa mdomo. Sasa mnara wetu wa simu umefanyiwa kazi, fundi Benjamini aliniandikia kuwa picha hazizunguki tena hadi Dar ndipo zirudi, kuna kompyuta chini ya mnara inayozishughulikia hapahapa, na mtandao wote unaongozwa na programu inayozipisha mbele simu za video.

Mshauri, nilisimama mbele ya wazee, simu imeegemezwa kwenye birika, sheikh akauliza, Scholastica akanigeuzia maneno kwa mikono, nami nikajibu palepale, hakuna kilichoganda: hapana, simtaki, na sikuwahi kuulizwa. Scholastica akalitamka jibu langu kwa sauti mpaka waliokuwa nje wakasikia. Posa ikavunjwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Lakini kaka hanitazami tangu siku hiyo, amemtuma mkewe aniandikie kuwa nimemwaibisha, na anataka niombe radhi mbele ya wazee walewale. Je, niombe?

Mwanahawa, Kilwa Kivinje

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera. Barua yako nimeimalizia nikiwa nimesimama, mpaka mume wangu akaniuliza nashangilia nini.

Radhi ya nini? Ya kujibu ulipoulizwa? Hutaomba. Kimya cha mwanamwali ni ridhaa akiwa amelipata swali, akaona haya kulijibu. Wewe swali halikukufikia. Kaka yako amshukuru sheikh, maana alikuwa anakuoza kwa nguvu huku akijiona ametenda wema.

Nawe nikuseme kidogo. Miaka yote hiyo umeridhika kuonyeshwa kwa kidole, na shoga yako Lindi anajua kila kitu. Mbona hukumfundisha kaka yako hata neno moja? Kuelewana nusunusu ndiko kulikowafikisha hapa. Wala usimfanyie kiburi sasa kwa kuwa umeshinda, aliyekulisha ukiwa yatima ana haki yake. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, ila kwa kuwa umeniita mwenyewe, jembe nimeliweka kando.

Fanya hivi. Kesho asubuhi mpelekee kaka yako chai na vitumbua, mwamkie kwa heshima zake zote, kisha mketi penye mwanga mzuri na mpigie Scholastica. Kaka aseme yote yaliyo moyoni, hata ya hasira, nawe usimkatize. Akimaliza, mshukuru kwa malezi. Msimamo wako usiulegeze hata kidogo. Halafu mwombe Scholastica anyamaze, umfundishe kaka sentensi moja wewe mwenyewe, taratibu, uirudie mpaka aishike: nilimkataa Bakary, sikukukataa wewe.