Pombe ya Kampuni

Jumamosi, 7 Oktoba 2000

Nimetoka kwenye mdahalo, ukumbi wa parokia, na hasira hazijaisha. Mada: je, makampuni yaruhusiwe kugharimia siasa? Clemens, mwalimu mwenzangu hapa Majengo, akasema yaruhusiwe. Eti serikali imeshauza kila kitu, barabara atachonga nani? Na takrima sasa ni halali, mgombea kumkirimu mpiga kura si rushwa. Wakampigia makofi! Mimi nikasema mgombea anayelishwa na kampuni hatatusikiliza sisi. Wakapiga wawili watatu. Halafu Clemens mwenyewe kavaa fulana ya Kampuni ya Mbegu — ya bure!

Jumanne, 10 Oktoba

Kaka Yusto kaja toka nyumbani, kijiji cha Kate, na lori la mahindi. Habari mbaya. Hiyo hiyo Kampuni imewalipa akina mama wa kijijini kwetu wapike pombe ya ulezi, mapipa kwa mapipa. Meneja akasimama na mgombea udiwani wake, akatangaza: hii ni pombe ya kazi, kazi yenyewe tutawaambia. Watu wakanywa. Baba naye akanywa.

Jana kazi ikatajwa. Jumamosi ya tarehe 21, mkutano wa kijiji, wanyooshe mikono Kampuni ipewe bonde. Bonde! Shamba letu la ulezi limo humo, na hatuna jingine la maana.

Kwetu ukinywa pombe ya kulima, siku ya kulima unakwenda na jembe lako. Usipokwenda, kwako hatakuja mtu tena. Meneja kafundishwa na nani haya? Mtu wa kwetu tu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Niko Kate. Mwalimu mkuu kanipa ruhusa ya wiki, kwa kununa. Shikamoo kwa Baba, na kabla sijakaa nikaanza: ile ni rushwa! Akasema hakuna aliyemshika mdomo. Nikasema hamkuambiwa kazi ni ipi. Akasema hata yeye akiita watu kulima hawaonyeshi shamba kwanza.

Na bonde, Baba? Anaumia, namwona — na mkono ataunyoosha! Tena nusu ya kijiji inamtazama yeye. Akinyoosha, wananyoosha. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira.

Jumanne, 17 Oktoba

Mama kasema polepole: kimea kipo. Kiliwekwa kwa ajili ya harusi ya Yusto. Tupike, tuite watu wakalime bondeni, Jumamosi hiyo hiyo asubuhi. Watakaokunywa kwetu watakuwa bondeni, mkutano utakosa watu. Nimemkumbatia!

Ijumaa, 20 Oktoba

Pombe imeiva. Tangu asubuhi majirani wanaingia uani, wanakaa, wengine wanaishia kunusa. Mama Bertilla wa nyumba ya pili kanywa kata moja, akaniuliza: sasa kesho niende wapi, mwalimu? Kule nilikunywa, na hapa nimekunywa.

Nikasema bondeni. Kwa sauti ya meneja kabisa! Mimi niliyesimama parokiani kusema watu wasinunuliwe! Nimewachukia Kampuni, nimemchukia Clemens, sasa najichukia mwenyewe. Lakini bonde likienda limekwenda. Nikamjazia kata ya pili.

Jioni nikampelekea Baba. Kashinda juani akikata nyasi za kuezekea, midomo imemkauka. Nikapiga goti nikamshikisha kata. Pombe ya Mama anaipenda kuliko kitu chochote. Akaiangalia mpaka povu likatulia, kisha akanirudishia imejaa vile vile. Akasema, nikinywa na hii, mwanangu, kesho lazima nimdanganye mtu.

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini ua mzima ulisikia. Nimekimbilia ndani, naandika. Dirishani namwona Mama Bertilla. Kata yake ameiweka chini, na wenzake nao wanaweka zao, mmoja mmoja.