Siku Nitakapoandika kwa Vi

Sake, 29 Mei 2021

Yaya Ernestine,

Mimi niko mzima, na ninaomba wewe na Mama huko Butembo muwe hivyo hivyo. Presha yake imeshuka? Mwambie leo nimekula mara mbili, ili aache kuuliza.

Volkano ilipolipuka Jumamosi nilidhani mtaa wa Birere unaungua, kwa namna mbingu ilivyokuwa nyekundu. Nyumba yangu ya mtaa wa Katoyi bado imesimama, lakini juzi tuliambiwa tuuhame mji wa Goma, tukaja Sake kwa miguu, kompyuta mgongoni. Njiani watoto walikuwa wanapotea mmoja mmoja. Nimeanza kuwaandika: jina la mtoto, la mzazi, na nani amemchukua. Wamefika mia moja na arobaini. Nataka tutengeneze rejista ya kweli, programu yetu, wewe na mimi kama zamani chuoni.

Sharti ni moja: usiniletee Vi yako. Programu ya kuandikia yenye umri unaotupita sote wawili, unaifungua, unaandika, herufi haziingii mpaka ubonyeze i kuomba ruhusa. Ile ni bariyeri ya askari barabarani. Na kuhifadhi na kutoka ni mpaka uiambie :wq, tena ukikosea kidogo neno lenyewe linabaki ndani ya barua, kama linavyobaki kwenye barua zako zote. Emacs yangu ni mzee wa rika lile lile, lakini inanipokea kama mtu. Siku utakayoona :wq chini ya barua yangu, ujue kuna mtu amenishikia bunduki.

Mdogo wako,
Donat


Butembo, 20 Novemba 2022

Mdogo wangu Donat,

Habari za huko, na ule mgongo? Sisi tuko wazima. Mama amepika mboga ya lengalenga leo na kukutaja kila akikoroga.

Huyo bwana uliyeniandikia habari zake simpendi. Hana mtoto aliyepotea, viatu vyake ni safi siku ya mvua, anataka nakala ya rejista "ili asaidie", na hasemi ametoka wapi? Rejista ina namba za simu, vijiji, na kazi za akina baba. Wengine ni askari wa kambi ya Katindo, wengine wana vijana wao wanaopigana milimani. Waasi nao wako Kibumba, karibu na Goma. Orodha ile ikiingia mikononi mwa mtu mbaya, watu watafuatwa nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo nimeifunga. Ufunguo ni maneno kumi na mawili. Sita ni yako, jirani yetu Modeste atakuletea kwa mkono. Sita nimebaki nayo mimi. Kuandika mtoto mpya utaweza peke yako, lakini kusoma ya zamani ni mpaka tukubaliane wawili. Usiniamini kupita kiasi, na mimi sitakuamini.

Kuhusu Emacs yako, ile ni duka la Birere: mtu anaingia kutafuta sindano, anatoka na masufuria, redio na bata. Tena inataka vidole kumi na kimoja, shikilia hiki, bonyeza kile, shikilia tena. Siku vidole vikikuishia utakuja kwangu, na nitakuacha mlangoni kidogo. Ile ya bunduki nimeicheka, lakini nimeiweka akilini.

Dada yako,
Ernestine


Goma, 6 Februari 2025

Yaya,

Habari zenu. Mmesikia mji umechukuliwa na waasi. Mimi mzima. Simu yangu imeibwa, naandika nikiwa Birere kwa rafiki, tunashika mtandao wa ng'ambo ya mpaka wa Rwanda.

Naomba maneno yako sita. Kuna mama wa Masisi, Mukantwari. Alimpoteza binti yake Tuyisenge, mtoto wa miaka sita, watu walipoikimbia Sake mwezi uliopita. Mtoto nilimwandika mimi mwenyewe, familia moja ikamchukua kambini, lakini wiki ile niliandika watoto mia tatu. Sikumbuki familia gani wala hema gani. Sasa kambi zinabomolewa na watu wanarudishwa vijijini. Mama huyo anakaa mlangoni hapa kila asubuhi. Fanya haraka.

Mdogo wako,
Donat
:wq


Butembo, 8 Februari 2025

Mdogo wangu Donat,

Salamu nyingi. Mama anauliza kama unakula, na mimi nauliza pia, kwa sababu hukuleta habari hata ya mgongo wako. Barua yako ilikuwa fupi mno.

Namba yako nimeipiga mara nne, hata kama umesema simu imeibwa. Mara ya nne alipokea mwanaume, akasema "Eeh," halafu nikawa nasikia anavyopumua. Nilikata.

Maneno yale sinayo hapa karibu, nitayatafuta. Kwanza nipigie kwa video, dakika moja tu, niuone uso wako. Naona pia umebadilisha programu ya kuandikia. Tangu lini?

Dada yako,
Ernestine


Goma, 11 Februari 2025

Yaya,

Natumaini mmeamka vizuri. Video haiwezekani. Chumbani tuko watu tisa, kuta ni mbao, kila neno linasikika mpaka barabarani, na habari za rejista si za kusema kwa sauti. Namba ile usiipige tena.

Kuhusu programu, mtu anaruhusiwa kubadilika. Vi si mbaya. Ulikuwa na haki, ulisema kweli.

Niulize unachotaka ili ujue ni mimi. Jina la mbwa wetu wa utotoni, kovu la Papa wetu, chochote. Lakini tuma. Leo wamebomoa safu nzima ya mahema, na Mukantwari ameniuliza kama dada yangu ana watoto.

Mdogo wako,
Donat
:wq


Butembo, 12 Februari 2025

Kwa Donat, na kwa yeyote anayesoma pamoja naye,

Salamu sina leo. Jina la mbwa sitaliuliza. Hata mtu aliyeshikiwa bunduki kichwani analijua jina la mbwa wake.

Donat nimebishana naye miaka kumi na tano na hajawahi kuniambia nina haki. Haonyeshi uso, hapokei simu, na chini ya barua zake mbili kuna alama ambayo yeye mwenyewe aliniambia maana yake. Ninaogopa, lakini maneno sita sitayatuma. Mlio naye, mpeni chakula. Mama yake anauliza kama anakula.

Dada yake,
Ernestine


Goma, 19 Februari 2025

Yaya Ernestine,

Mtandao ulikatika siku tano, barua yako nimeipata jana. Niliisoma nikacheka, halafu nikalia, na watu wanane chumbani wakajifanya wanatazama dirishani. Hakuna anayesoma pamoja nami. Ile ya bunduki nilikuwa nimeisahau kabisa.

Tarehe 27 Januari bombi la mzinga lilianguka nyuma ya nyumba, Katoyi. Mkono wangu wa kushoto umekatwa, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Simu waliiiba nikiwa nimelazwa chini kwenye ukumbi wa hospitali. Video niliikataa kwa sababu ungemwita Mama aje anione, na sikuwa tayari kuonwa.

Sasa sikia. Kuhifadhi barua katika Emacs ni kushikilia Ctrl ukibonyeza x, ukiishikilia tena ukibonyeza s, na kwenye mashine hii Ctrl iko kushoto tu. Nilijaribu kuishikilia kwa kidevu. Kidevu kikateleza, nikabaki na xsxs chini ya ukurasa. Vi inabonyezwa kitufe kimoja kimoja, basi nimepita kwenye bariyeri yako, na usidhani naipenda. Kushuka mstari ni j, kupanda ni k. Nani alikaa akapanga hivyo, na siku hiyo alikuwa amekula nini? u ndogo inarudisha kosa moja, U kubwa inarudisha makosa mengine, na mpaka leo sijui ni yapi. Jana nilibonyeza d mara mbili, mstari wa barua hii wenye jina la Tuyisenge ukaondoka bila kuaga. Kuna kitufe nilikigusa herufi zote zikawa kubwa, barua ikawa kama napiga kelele. Na kila nikimaliza nasahau kubonyeza Esc, kitufe cha kuacha kuandika, basi ile :wq inajikalisha pale chini kunichekelea. Nilipokuandikia kwamba una haki, meno yaliniuma.

Usipotuma nitaelewa, mimi pia ningekushuku. Lakini Mukantwari amekuja tena leo.

Mdogo wako,
Donat
:wq
:wq
toka basi


Butembo, 19 Februari 2025, jioni

Mdogo wangu Donat,

Mwenye bunduki asingekuwa na subira ya kumngoja mateka wake atukane vitufe ukurasa mzima. Ni wewe.

Maneno sita nimeyatuma pamoja na barua hii, yamefungwa kwa njia yetu ya chuoni. Mpe mama yule mtoto wake. Habari ya mkono sijaweza kuisema, nitaandika nikiweza.

Dada yako,
Ernestine


Goma, 9 Machi 2025

Yaya Ernestine,

Natumaini Mama amelala vizuri, na wewe pia. Mimi napona, kidonda kimekauka.

Rejista ilifunguka mara moja. Tuyisenge alikuwa kwa mama mmoja anaitwa Nyiramahirwe, hema la nne kutoka bomba la maji. Mukantwari alifika akakuta mawe matatu ya jiko na chupa tupu ya mafuta. Walikuwa wameondoka siku tano kabla. Lakini kijiji chao nilikuwa nimekiandika, akawafuata kwa miguu, siku tisa na mvua ikimnyeshea. Jana amerudi hapa Birere na mtoto mgongoni, ili nimwone. Mtoto amekonda, anakohoa, ila anakula.

Nilimuuliza Mukantwari mtoto alisema nini walipoonana. Hakulia, ameniambia. Alimtazama tu, akasema, "Mama, juu ya nini ulikawia?"

Sikuandikii haya ili uumie. Najua ungeniuliza. Na ona, leo nimekumbuka Esc.

Mdogo wako,
Donat


Butembo, 12 Machi 2025

Mdogo wangu Donat,

Habari za kidonda, na za hao watu wanane? Sisi wazima.

Mtoto akiuliza tena, mwambie ni mimi niliyekawisha. Usimwambie ni vita. Siku kumi na moja maneno sita yalikuwa hapa mezani, chini ya bakuli la chumvi, na mimi nilikuandikia kwamba sinayo karibu. Barua ile ile ingekuja kesho, nadhani ningekataa tena, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kuna neno nililokuandikia mwaka wa 2022, kuhusu vidole vikikuishia. Naomba ulifute. Tumia u ndogo au kubwa, yoyote inayofika nyuma kiasi hicho.

Barua hii naiandika kwa Emacs, mkono wa kushoto nimeukalia. Nilianza asubuhi, sasa ni saa tisa. Mama amepita hapa mara tatu, mara ya nne akaniuliza kwa nini naukalia mkono. Nimemwambia. Amevuta kiti, amekaa kando yangu, anatazama vidole vyangu vinavyotafuta herufi. Anataka nikuulize ni nani anakufungia kamba za viatu.

Dada yako,
Ernestine
xsxs