Njia ya Kupanda Mlimani Kwetu

Jumapili, 2 Juni 2024

Mkutano wa mtaa, baada ya misa. Sijawahi kuona watu wengi namna ile mlimani kwetu — hadi juu ya mawe wamekaa! Ni habari ya barabara. Tangu Aprili, nyumba ya Yakobo ilipoungua mchana kweupe na mama yake mzazi ndani, hakuna anayethubutu kusema haitaki. Gari la zimamoto liliishia kule chini, lami inapokomea. King'ora tulikisikia wote. Maji hatukuyaona.

Mwenyekiti Maige kasema greda litakuja, ila nafasi tuitoe wenyewe, fidia hakuna. Mpima ardhi akaonyesha mstari wa barabara: unakata vyumba vya mbele vya Mama Ng'washi, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Mjane yule! Nyumba kaijenga kwa kuuza dagaa, beseni kwa beseni. Akasimama, akasema yeye habomoi. Kelele! Na mume wangu Projest ndiye aliyewazidi wote — mtu mmoja hawezi kuzuia mtaa mzima, sheria iko wazi, na kadhalika. Ile sauti yake ya darasani. Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa namwangalia Mama Ng'washi tu. Anafungua khanga kiunoni, anaikaza. Anafungua, anaikaza tena.

Alhamisi, 6 Juni



Nilikuwa sebuleni kwenye cherehani, nikasikia tofali linaanguka. La pili. Natoka — Mama Ng'washi kapanda juu ya kigoda, ana sururu, anabomoa ukuta wake. Mwenyewe! Hakumwambia mtu.

“Shikamoo mama. Unafanya nini?”

“Marahaba. Si unaona?”

Akapiga tena. Kisha akaniambia bila kugeuka: “Siku ile ya moto, niliposikia king'ora, nilisema, haya, wamefika. Nikatua ndoo ya maji, Mama Koku. Nikaacha hata kuchota. Nikakaa nawasubiri.”

Nikaanza kuokota matofali. Wakaja majirani, mmoja mmoja, hakuna aliyeitwa. Mwisho akaja Yakobo. Alimshika mkono Mama Ng'washi, akamteremsha kwenye kigoda taratibu kama anateremsha mgonjwa, akachukua ile sururu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefungua mlango asubuhi — ziwa! Ziwa lote, hadi visiwa kule mbali, jua limelilalia. Kumbe ukuta wa jirani ndio ulikuwa umelificha. Tangu niolewe hapa sikujua liko mlangoni kwangu. Nilisimama hadi chai ikapoa mkononi. Projest akaja kusimama nami. Akasema, kumbe. Basi, hilo tu.

Jumatano, 12 Juni

Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kimepanda. Mlima unatetemeka, vikombe vinagongana kabatini. Walifika pale penye lile jiwe dogo, ambalo watu huanika nguo juu yake, wakataka kuling'oa. Halitoki. Wakachimba pembeni. Halitoki. Wakazidi kuchimba — Mungu wangu, lile jiwe ni kichwa tu! Mwili wote uko chini, mweusi, laini, mkubwa kuliko kanisa. Tumekuwa tukiishi mgongoni mwake na hatujui. Dereva alizima mashine, akashuka, akaliwekea kiganja. Hata Maige alivua kofia.

Jumatatu, 17 Juni

Mpima karudi. Jiwe haliwezi kupasuliwa kwa baruti, maana nyumba zimebanana mno. Barabara itapinda.

Inapinda kwetu. Sebule yote.

Projest kwenye mkutano wa leo hakufungua mdomo. Nyumbani ndipo akafungua. Eti anakwenda kumwona wakili. Eti habomoi ng'o.

Nikamuuliza, na Mama Ng'washi je?

“Yule alikuwa kwenye mstari.”

“Na sasa sisi tuko wapi?”

Akatoka bila kula. Nami sebule ndiyo kazi yangu — cherehani, vitambaa vya watu, dirisha lenye mwanga. Nilikaa pale nikalia kidogo. Halafu nikaanza kushusha mapazia.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika nje, nimekaa juu ya kifurushi. Kijiko kiko mbele ya nyumba. Wakili alishasema hakuna kesi hapa.

Mama Ng'washi kaja asubuhi. Nikajua kaja kutucheka, na haki anayo. Projest kamwamkia huku anatazama sakafu. Yeye akajibu: “Marahaba, mwalimu. Hizi nguo za wateja niziweke wapi? Vumbi litaziharibu.” Akazibeba mwenyewe, hadi kwenye vile vyumba viwili alivyobakiwa navyo, akampisha Yakobo aingize na cherehani yangu. Humo humo! Mtu wa namna gani huyu? Nimemtazama kama nilivyolitazama lile jiwe.

Vitu vimekwisha kutoka. Projest yuko ndani peke yake. Dereva kazima mashine, anasubiri. Mtu kataka kumwita, Mama Ng'washi kasema mwacheni.

Ametokea. Hatazami mtu. Kaushika mlango kwa mikono miwili, anautikisa, vumbi linamwagika kichwani mwake — sijui anajifungia au anaung'oa.