Njumu za Salim

Oud Metha, Jumanne, Novemba 2015

Na leo Okello naye hakuja. Tangu chuo kituletee kocha mpya, wachezaji wanaiacha timu kimyakimya, na yeye haulizi mtu yuko wapi. Anasogeza koni tu, uwanja unazidi kuwa mdogo, kisha anasema yalla, haya twendeni.

Hilo ndilo linalonikera. Afadhali angefoka.

Mimi ndiye kapteni, nitabaki na nani? Nilikuwa najipa moyo kwamba Salim yupo. Tumecheza pamoja tangu utotoni, na hajawahi kunirudishia kitu alichoazima.

Baada ya magharibi kapita nyumbani. Kaniletea njumu zangu, kazisafisha, kazitia kamba mpya.

"Tutaonana mazoezini, inshallah."

Nikaitikia inshallah. Mama akaziangalia zile njumu, akaniuliza Salim anasafiri lini.