Jino Kwenye Kisahani

Baba Mutahi,

Githeri iko jikoni, pasha mwenyewe. Ng'ombe hajakamuliwa kwa sababu mikono yangu ilikuwa inazuia damu.

Nimempeleka Mutahi kwa baba yako Kerugoya, na basi ya saa mbili asubuhi. Najua mtoto hutapika njiani. Nimebeba taulo na ndizi mbili, tutafika.

Ati redio! Mtoto wa miaka miwili ameangusha redio, ukavua mshipi, ukampiga mdomoni na upande wa chuma. Nilipokuvunjia mwiko mgongoni ulishangaa. Ningekuwa na mwingine ningeuvunja pia. ~~Nisamehe kwa hiyo.~~ Hapana, sitaki msamaha wako.

Alipozaliwa tulimpa jina la baba yako kama desturi yetu, na wewe mwenyewe ukawaambia majirani mzee amerudi kuwa mtoto. Tangu siku hiyo unamwamkia "baba". Leo ulimpiga ukimwita mbwa.

Funga kuku kabla ya giza.

Kwenye kisahani, chini ya kikombe chako, kuna jino. Ukija kutuchukua, libebe, umweleze baba yako kwa nini ulimng'oa jino.

Mama Mutahi