Tangazo la Mlangoni kwa Bi Tokuyo

Oguradani Juu,
Mkoa wa Nagano,
24 Januari, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Fusae,

U mzima? Safari hii nauliza nikitaka jibu, si lile jibu lako la kila mwaka la "sijambo, ni magoti tu." Mwanao Kunihiko na mkewe Sanae hawajambo? Huko Fukuoka kuna baridi, au bado mnatembea na viatu vya wazi?

Sisi huku tu wazima. Theluji imefika dirisha la juu. Mwanangu Yoshikazu amepanda paani mara nne mwezi huu kuiteremsha, na kila mara anaanguka upande uleule kama gunia la mchele. Presha yangu iko sawa. Meno yaliyobaki ni yale yale. Na mdomo wangu, mnaousema wote nikiwa sipo, uko palepale.

Naandika siku nne baada ya jambo lenyewe, kwa sababu siku tatu za kwanza kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Sasa imetulia kidogo. Mimi sijatulia.

Tarehe ishirini nilikwenda Yunokubo, kwenye chemchemi zetu. Ndiyo, bila wewe. Miaka miwili nimekataa kwenda, kwa sababu tangu tukiwa wasichana tunakwenda wawili, siku ileile ya baridi kuliko zote, tunashinda kwenye maji ya moto, tunakula, tunarudi jioni. Hata ulipofiwa na mume ukahamia kwa mwanao huko mbali ulikuwa unapanda treni unakuja. Kisha mwaka juzi ikawa magoti. Mwaka jana ikawa presha. Mwaka huu eti Kunihiko anatengeneza paa. Wewe ndiye unayebeba vigae? Nikamwambia mjukuu wangu Chigusa, washa gari, twende, mimi sizeeki nikimsubiri mtu anayedeka.

Mji ni ule ule. Mvuke unatoka hata kwenye mitaro, harufu ya mayai yaliyooza inakupokea darajani, na wale wanawake wa chemchemi ya juu bado wanachemsha majani ya figili wakiwasema wakwe zao. Niliacha mayai sita kwenye kikapu pale yaive, nikashuka zangu kwenye bafu la Bi Tokuyo.

Tokuyo yuko palepale kwenye kiti chake mlangoni, na yule paka wake. Tulisalimiana, akataka kuniambia jambo. Mimi nilikuwa nahisi baridi, nikampita. Kumbuka hilo.

Nikaoga kwanza, nikajisugua kila mahali ninapofika, nikaikunja taulo yangu kichwani, nikaingia majini. Wanawake sita ndani, wote wazee wa hapahapa, wote kimya wanasikilizia joto. Mara anaingia mgeni, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na amevaa kitambaa. Si taulo. Kitambaa cha rangi ya ngozi, kimefungwa shingoni kama aproni, kinafunika kifua. Akateremka nacho majini!

Unanijua. Mama alitufundisha kwa kofi kwamba kitambaa hakiingii kwenye maji ya watu. Mimi sikusoma, shule niliiacha kwa ajili ya viwavi vya hariri, lakini hilo nalijua kuliko jina langu. Nikapaza sauti.

"We mama! Hapa si mahali pa kufulia nguo!"

Akashtuka. "Samahani bibi, nilidhani inaruhusiwa."

"Nani kakuruhusu? Paka wa mlangoni? Toka uvue, au toka kabisa. Sisi tumejisugua mpaka ngozi inawaka, wewe unatuletea matambara!"

Alisimama, mkono mmoja ameukandamiza upande wa kushoto wa kifua, akainama mara mbili kuomba radhi, akatoka. Na mimi nikawageukia wenzangu nikingoja waniunge mkono. Hakuna aliyenitazama. Mmoja alizama mpaka kidevuni.

Kabla sijauliza, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Tokuyo mwenyewe, na soksi zake, juu ya sakafu yenye maji.

"Kinue! Umemfukuza mgeni wangu?"

"Aliingia na nguo!"

"Amekatwa titi, we mwanamke! Lile ni vazi la waliokatwa. Tangazo liko mlangoni miaka miwili sasa!"

"Naingia bafuni na miwani?"

"Hata ukiwa nayo husomi! Unapita tu kama unadaiwa!"

Fusae, nilikuwa ndani ya maji yanayochemsha mayai, na nikahisi baridi.

Nilitoka kama nilivyozaliwa, natiririka, nikaenda chumba cha kuvulia nguo. Alikuwa amekaa mbele ya jiko la mafuta ya taa ameutazama ukuta, anavaa soksi, na kisigino cha soksi kiko juu. Kuomba radhi sikujui, unajua. Nikauliza kwa ukali uleule, maana sina mwingine.

"Jina lako nani?"

"Mihoko."

"Umetoka wapi?"

"Nagoya."

"Mwendo wa saa ngapi kwa gari?"

"Saa nne, kwa theluji hii."

"Umeendesha saa nne uje ukae majini dakika mbili? Vua soksi."

"Hapana bibi. Sitaki kuwasumbua wenzangu."

"Aliyesumbua ni mimi. Ninayekurudisha ni mimi. Unavua mwenyewe au nikuvue?"

Akacheka, kisha kicheko kikaharibika. Akaniambia ilimchukua mwaka mmoja na nusu kupata ujasiri wa kuvua nguo mbele ya watu. Mwaka na nusu! Na mtu wa kwanza kumsemesha ndani ya maji ni mimi.

Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamsugua mgongo. Sikutazama mbele, na mbele hakukunihusu. Mgongo wake mpana, una mafundo mabegani, kama wako. Nilimsugua mpaka akasema, "Bibi, taratibu, nimebaki na ngozi hii tu." Hapo nikajua amepona kidogo. Tukarudi majini, yeye na kitambaa chake, na nikawatazama wale sita mmoja mmoja.

Ningeishia hapo ningekuandikia barua ya kuchekesha.

Tulikwenda na Chigusa kula tambi za soba pale karibu na daraja, nikamsimulia. Mtoto hali, anakoroga tu. Nikamwuliza, tambi zimekukosea nini? Akaweka vijiti chini.

"Bibi, usinipigie kelele. Bibi Fusae naye alikatwa. Miaka miwili na zaidi sasa. Alituapisha tusikwambie."

Nilimwaga mchuzi wote mezani. Nikauliza nani anajua. Chigusa anajua. Baba yake, huyu Yoshikazu anayeanguka paani kwangu na kula wali wangu, anajua. Kunihiko na Sanae ndio waliokuwa nawe hospitali. Nikauliza, kwa nini mimi nisiambiwe? Akasema, "Alisema utamgombeza."

Nitakugombeza! Fusae, mwili wako nimeubeba mimi mgongoni kabla hujajua kutembea, mama akiwa kwenye viwavi. Nilikuosha mimi. Kila kilichokuwa mwilini mwako nilikijua kabla yako. Wanakupasua, wanakutoa kipande, na mimi dada yako nimekaa hapa nakuandikia habari za theluji na kukutumia figili za chumvi! Nilikuandikia kwamba unadeka. Nilikuandikia kwamba magoti ni uvivu. Barua ile ulisomea wapi? Kitandani? Na ukanijibu, "Asante kwa figili." Una moyo gani wewe?

Nilirudi kwa Tokuyo bila hata kuchukua mayai yangu. Nikamwambia, na wewe unajua, usinidanganye, nimeona sura yako. Akamshusha paka mapajani, akasema:

"Kinue, lile tangazo unadhani nilimwekea nani?"

Akaniambia yote. Kwamba ulimpigia simu majira yale ya kwanza ya baridi baada ya kukatwa, kabla ya siku yetu, ukamwuliza kwa sauti ndogo kama utaruhusiwa kuingia na kitambaa. Kwamba alilibandika tangazo kesho yake. Kwamba ulitia chumvi kabichi la kuniletea, ukakata tiketi, halafu ukampigia tena ukasema, "Kwa wengine naweza. Kwa dada siwezi. Atapiga kelele kabla hajaelewa."

Nilitaka kusema ni uongo. Nilifungua mdomo. Lakini saa mbili tu zilikuwa zimepita tangu nifanye hivyo hivyo, neno kwa neno, kwa mtu mwingine, mbele ya Tokuyo.

Kwa hiyo nina hasira na wewe, na sitaificha. Uliniamulia. Ulinipima ukaona sitoshi, ukaninyima hata nafasi ya kukosea na kusahihishwa. Ningepiga kelele, ndiyo. Dakika tano. Baadaye ningenyamaza nikakusugua mgongo, kama nilivyofanya kwa mwanamke wa Nagoya nisiyemjua. Yeye amepata mkono wangu, wewe umekosa, na wewe ndiye mwenye nao. Na mimi pia nina mgongo, Fusae. Chigusa ananisugua kama anafuta dirisha la watu. Majira matatu ya baridi sijasuguliwa na mtu anayejua pale pananiwasha.

Na nina hasira na mimi mwenyewe. Hiyo nitaishughulikia mwenyewe, usiiguse.

Sasa sikiliza. Nilimwomba Tokuyo miwani yake nikasimama mlangoni nikalisoma lile tangazo, herufi kwa herufi, theluji ikiniangukia shingoni. Nimelinakili hapa kwa mkono wangu, usinicheke mwandiko:

"Wageni waliofanyiwa upasuaji wa titi wanakaribishwa kuingia majini na vazi lao. Tunaomba wote tuwaelewe."

Nikamwambia Tokuyo, "tunaomba" haitoshi. Nikamtaka brashi na wino. Akabisha, akasema nitaharibu karatasi. Nikaandika chini yake kwa herufi kubwa, zimepinda, lakini zinasomeka:

"Asiyeelewa aje aulize kwa Kinue wa Oguradani Juu, ambaye naye hakuelewa."

Alitaka kulibandua. Nimeambiwa bado lipo.

Tarehe ishirini Februari theluji itakuwa bado ipo. Chigusa atakungoja stesheni. Paa la Kunihiko lina Kunihiko. Ukitaka kuvaa hicho kitambaa, kivae. Ukitaka kuingia bila kitu, ingia. Atakayekukodolea macho nitamkodolea mimi, na macho yangu unayajua. Nikianza kupiga kelele, nimwagie beseni la maji ya baridi kichwani, nimekupa ruhusa kwa maandishi, itunze barua hii.

Nisalimie Kunihiko, mwambie mimi na yeye tutaonana. Nisalimie Sanae, aliyekuuguza. Yeye sina hasira naye, ninamtumia kimono changu cha kijivu, apunguze urefu. Yoshikazu anakusalimu, nimemlazimisha. Tokuyo na paka wanakusalimu.

Kila asubuhi nawawekea marehemu baba na mama wali na chai kwenye madhabahu yao hapa nyumbani, na tangu juzi nimewaambia habari yako, maana hata wao ulikuwa umewaficha. Wakuangalie njiani. Mwili wako, uliobaki wote, ufike kwangu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu,

Kinue