Verlin na Ngazi ya Bibi

Lorene, acha vyombo usome hapa. Verlin amekwama juu ya pikapu ya Ford ya shemeji yake Dale, mbele ya kanisa zima.

Si unajua yeye ni mtu wa magari ya Chevrolet, si Ford, tangu utotoni, na anavyoicheka ile ngazi inayochomoka kwenye mlango wa nyuma wa pikapu ya Dale? "Ngazi ya bibi." Miaka yote, ngazi ya bibi.

Leo kwenye maonyesho ya magari uwanjani kwetu kanisani, kakanyaga tairi akapanda nyuma ya pikapu, awaonyeshe watu kwamba mwanamume haihitaji. Kupanda kapanda. Kushuka, goti likagoma.

Goti lenyewe ni lile analomficha mkewe Nadine asije akampeleka kwa daktari.

Akasimama tu, akaanza kusifia mawingu. Mawingu, Lorene.

Dale akamuuliza taratibu, "Shemeji, nikuchomolee ngazi ya bibi, au chakula tukuletee huko huko?"

Verlin akajibu, "Haya, chomoa. Ila dada yako asione."

Nadine ndiye aliyempa mkono akishuka. "Jumatatu, daktari," akamwambia.

Verlin akamgeukia Dale, sauti chini: "Hiki kitu, kwenye Chevrolet kinafungika?"

Nimeshamwomba Mungu msamaha kwa kucheka. Itabidi niombe tena, maana bado nacheka.